Nyumba za makuli zenye matofali ya mawimbi: nani alilipia urembo ule?

MtotoWaKibokoni

Assalamu aleikum waungwana, na wengine wote hamjambo.

Nna jambo lanikera wiki ya pili sasa, nikaona nililete hapa. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, kazunguka na meli miaka mingi, na alipofariki tulifungua sanduku lake la bati tukakuta picha tele, nyingi ni yeye na wenzake wamejipanga mbele ya meli, lakini moja imenishika. Ni jumba la fleti, matofali mekundu yanayoelekea chungwa, ukuta umevimba kama tumbo la jahazi, na juu pana mnara mwembamba ambao ukiutazama huoni saa wala kengele. Nyuma kaandika kwa penseli: Amsterdam, nyumba za makuli.

Nikaisaka kwenye intaneti. Jumba laitwa Het Schip, yaani Meli, mchoraji wake Michel de Klerk, kazi ilikwisha 1921. Mimi nilidhani ni kasri la tajiri fulani, kumbe ni fleti 102 za wafanyikazi na mwenyewe ni chama cha nyumba!

Nauliza kwa sababu niko kwenye kamati ya ushirika wetu. Tuko wanachama sitini na kitu, wengi ni watu wa bandarini, matatu na vibanda vya sokoni, tumechangishana miaka tukapata ploti upande wa Kisauni na sasa twataka kujenga fleti za orofa nne. Mchoro wa kwanza ulikuwa na baraza ndefu ya mawe hapo chini mlangoni, ngazi pana yenye dirisha linalopanda orofa zote, na kona ya mviringo kule barabarani. Mkutano uliopita wenzangu wakasema hayo yote yakatwe libaki boksi, urembo ni wa wenye pesa. Mimi niliinamisha kichwa tu, sikuwa na jawabu. Mkutano mwengine ni mwezi ujao.

Sasa nataka kujua, wale makuli wa Amsterdam pesa za urembo walizitoa wapi, na ule urembo uliwafaa nini? Mwenye kujua anifahamishe polepole, mimi si mtu wa michoro.


RamaniNaRula

Wa aleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mjomba. Mimi kazi yangu ni michoro na hili jengo nalipenda sana kwa hivyo nivumilie nikirefusha.

Mtindo ule ni ekspreshonizimu, na tawi la kwao laitwa Shule ya Amsterdam. Shule hapa hapakuwa na madarasa, lilikuwa kundi la wachoraji walioelekea upande mmoja, De Klerk, Piet Kramer, Johan van der Mey na wengine. Waliamini ukuta waweza kuonyesha hisia kama uso wa mtu unavyoonyesha, uvimbe, ukunjike, uinuke, na wakati ule Ujerumani nako kulikuwa na wenzao wakiwaza hivyo hivyo. Kazi yao ya kwanza kubwa pamoja ni Scheepvaarthuis, 1913 hadi 1916, jumba la ofisi za kampuni za meli, hilo kweli lilikuwa la matajiri, nakshi za bahari mpaka kwenye reli za ngazi. Halafu mikono ile ile ikaenda kuchora nyumba za watu wa chini, na hapo ndipo swali lako laanzia.

Pesa ilitoka hivi. Mwaka 1901 Uholanzi ilipitisha sheria ya nyumba, chama kisicho cha faida kikisajiliwa chaweza kupata mkopo wa serikali kujenga. Eigen Haard, wenyewe wa Het Schip, walianza 1909, na jina lenyewe maana yake ni meko ya kwako mwenyewe. Ikaingia vita vya kwanza vya dunia, Uholanzi haikupigana lakini vifaa vilipanda bei na wajenzi wa biashara wakaweka miko chini, waliobaki wakijenga ni vyama na manispaa. Kwa hivyo wachoraji wazuri waliotaka kazi wakakuta kazi iko kwa vyama.

Sasa urembo. Uholanzi haina mawe, ina udongo wa mitoni, tofali kwao ni kama matumbawe kwetu. De Klerk hakutafuta marumaru. Alilichukua tofali akalifanyia kila jambo, pengine limelala, pengine limesimama wima safu nzima, pengine kozi, yaani safu za matofali, zinapanda na kushuka mpaka wimbi liingie ukutani. Palikuwa na matofali ya maumbo ya kuagiza pia, na gharama watu walizilalamikia, hilo sikufichi. Lakini tazama mwenyewe ile picha ya mjomba, urembo mzito uko wapi? Uko kwenye kona, kwenye milango, kwenye mnara, na kule kwenye ncha ya ploti ile ya pembetatu walipoweka posta. Yaani pale ambapo kila mtu hupita. Huwezi kusema huu ni wa fleti nambari tatu, yule wa nambari tisa hana. Ni wa wote.

Na ukiweza tafuta picha za De Dageraad, maana yake Alfajiri, ushirika mwengine wa wafanyikazi upande wa kusini wa mji, hiyo walichora De Klerk na Kramer mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kona moja Kramer kaipandisha kwa tabaka kama bahari ya kusi inavyojikunja kabla haijapiga mwamba. Sanamu kachonga Hildo Krop. De Klerk alifariki Novemba 1923, siku ile ile aliyotimiza miaka 39.


BahariaMstaafu

Mwanangu, pengine mjomba wako twajuana lakini hapa si pahali pa kutajana majina. Mungu amrehemu.

Hilo jumba nimelitia machoni, tena nimeingia. Miaka ya themanini tulikuwa tumefunga Amsterdam, na mtaa ule wa Spaarndammer uko karibu na ilipokuwa bandari ya mbao, kwa hivyo ni mtaa wa watu wa kazi kweli kama alivyoandika mjomba. Mimi nilikwenda kutia barua ya mama watoto, nikaambiwa posta iko pale kwenye jumba la ajabu. Kumbe ndani vigae rangi ya zambarau inayoingia buluu, na kijumba cha simu nacho kimetengenezwa kama kitu cha heshima, mbao na vioo vidogo vidogo. Nikasimama. Ukifikiria posta nyingi nilizoingia duniani, kuta chafu, foleni, unataka utoke haraka, na pale mzee mmoja kavaa nguo za kazi yuko mbele yangu anahesabu sarafu zake taratibu hana haraka, kama yuko kwake.

Nilipotoka nikashika ukuta. Matofali yalikuwa yamesimama wima kama misahafu kwenye shubaka, yamepangika sawa sawa, halafu hatua chache mbele yamelala yanakwenda na mzunguko wa ukuta. Nilimwambia mwenzangu wa Lamu, aliyejenga hapa ni fundi wa majahazi. Akasema ndio, kaanzia kwenye mkuku.

Sasa hivi posta hakuna, ni makumbusho, lakini watu bado wanaishi kwenye fleti.

Hamburg, Ujerumani, nako liko Chilehaus la Fritz Höger, 1922 hadi 1924, kona yake kali kama omo la meli, ukisimama chini wasikia kizunguzungu. Lakini hilo ni la maofisi, na pesa yake ilitoka kwenye chumvi ya shaba iliyochimbwa kule Chile, jasho la watu wengine. Lapendeza lakini halikunigusa kama lile la Amsterdam.

Editi: nimesema chumvi ya shaba, nilikosea, ni chumvi ya mbolea, ile shura ya kutengenezea baruti pia.


MwekaHazinaWaChama

Mimi nimekuwa mweka hazina wa ushirika miaka kumi na moja na nasema kwa nia njema kabisa, jamani tuangalie na upande wa pili kabla huyu ndugu hajaenda mkutanoni kuwasha moto.

Kwanza wale Waholanzi walikuwa na mkopo wa serikali, wewe una nini? Una michango na benki. Pili si kila urembo wa wakati ule ulikuwa wa kweli. Kule kusini mwa Amsterdam kuna mitaa ambayo wajenzi wa biashara walichora fleti wao, halafu mchoraji wa Shule ya Amsterdam akaitwa aje kuvalisha uso wa mbele tu. Waholanzi wenyewe wakauita usanifu wa aproni, mbele nguo nzuri nyuma hakuna kitu. Na madirisha mengine De Klerk aliyaweka madogo kwa sababu ukuta ulipendeza hivyo, mtu wa ndani ndiye anayekosa mwanga. Hapa kwetu na joto hili la Machi ukinifanyia hivyo nakushtaki kwa wanachama.

Lakini kisa ninachotaka mkisome vizuri ni cha New York. Miaka ya 1920 washona nguo wa Kiyahudi waliotoka Ulaya mashariki walikuwa wakikaa kwenye vyumba vya giza vya kupanga, wakajiunga wakajenga vyao. Kuna wawili wakae kichwani. Mmoja ni ushirika wa United Workers kule Bronx, watu waliita Coops tu, ulianza 1926, fleti zaidi ya 700. Awamu ya pili ilichorwa na Herman Jessor na humo ndimo utaona matofali ya kuchezeshwa, yanatokeza ngazi kwa ngazi, juu ya milango mengine pana nyundo na mundu kwa sababu wengi walikuwa wakomunisti na hawakuficha. Mwengine ni Amalgamated, wa chama cha washona nguo, ulioongozwa na Abraham Kazan, ukafunguliwa 1927. Mwanachama alitoa dola 500 kwa kila chumba, halafu kama dola 11 kwa chumba kila mwezi, na serikali ya New York ikawasamehe kodi ya jengo miaka 20 kwa sharti faida iwekewe mpaka.

Ulipoanguka uchumi 1929 watu wakakosa kazi. Wale wa Coops walikuwa na roho nzuri mno, hawakumtoa mtu aliyeshindwa kulipa na hawakukubali kupandisha ada, deni likawala, 1943 jengo likawatoka mikononi. Kazan alibana hesabu, akaweka akiba, ushirika wake uko hadi leo.

Sisemi msijenge vizuri. Nasema kabla ya kona ya mviringo nionyesheni akiba ya miezi sita.


RamaniNaRula

Mweka hazina umesema kweli na nakushukuru kwa kisa cha aproni, mimi mwenyewe nilitakiwa nikitaje.

Ila mzani uwe sawa. Coops hawakuangushwa na matofali. Waliangushwa na mkopo na kukataa kupandisha ada, ungewapa boksi tupu bado wangeanguka na deni lile. Na huyo huyo Kazan aliyebana hesabu, mwaka 1930 alijenga Amalgamated Dwellings huko Grand Street, Manhattan, wachoraji wake Springsteen na Goldhammer, na hebu tafuta lango lake. Tao refu la parabola, matofali yamepangwa kwa mistari, unapita chini yake unaingia uwanja wa ndani wenye bustani. Huyo ni mtu wa hesabu na bado alitaka mwanachama akirudi kazini apite chini ya kitu. Wachoraji wale walikuwa wakitazama kilichokuwa kikijengwa Amsterdam na Vienna, na Vienna wakati huo ndio Karl Ehn alikuwa akimaliza Karl-Marx-Hof, jumba la zaidi ya kilomita moja, fleti 1,382, matao makubwa yanayomeza njia. Hilo ni la manispaa, si la ushirika, lakini mawazo yalisafiri.


BintiWaTudor

Nasoma hapa toka jana nalia na kucheka, acha na mimi niseme.

Mimi naishi kwenye boksi mnalolisema. Orofa ya tatu. Ngazi yetu haina dirisha hata moja, mchana wa saa saba tunawasha tochi ya simu, taa ikiungua hakuna wa kuibadilisha kwa sababu ngazi si ya mtu. Mlangoni ni pa kupita mtu mmoja, ukikutana na jirani amebeba mtungi wa gesi mmoja wenu arudi nyuma. Hakuna pahali pa kusimama mkasalimiana. Miaka minne, jirani wa nambari kumi namjua kwa viatu tu. Sasa mtu akiniambia ngazi pana yenye dirisha ni urembo wa matajiri mimi namwambia aje apande ngazi yetu na ndoo ya maji.

Bibi yangu alikaa Mji wa Kale, nyumba ya zamani, ndani hamkuwa na fanicha ya maana lakini nje palikuwa na baraza ya mawe upande huu na upande huu wa mlango, na juu ya fremu mlango una nakshi ya mauwa aliyoichonga mtu ambaye jina lake halijulikani tena. Watu walikuwa wakipita wakikaa, muuza kahawa alikuwa na zamu yake pale. Ile baraza ilikuwa ni ya bibi na haikuwa ya bibi. Nikimsoma RamaniNaRula akisema urembo uko pale wote wanapopita nikaona baraza ya bibi hiyo hiyo.

Na kuhusu gharama someni habari za Bruno Taut wa Ujerumani. Huyu alikuwa na ndoto kubwa kubwa, nyumba ya vioo kwenye maonyesho ya Cologne 1914, michoro ya majumba ya kioo juu ya milima, lakini alipowajengea wafanyikazi Berlin hakuwa na pesa ya vioo wala nakshi, akachukua rangi. Rangi tu! Mlango huu buluu, ule wa jirani njano, safu nzima ya nyumba nyekundu. Kule Falkenberg watu wakauita mtaa wake sanduku la rangi. Halafu kuanzia 1925 akajenga Britz, nyumba zimezunguka kidimbwi kwa umbo la kiatu cha farasi, aliyejenga ni GEHAG, shirika la nyumba lililoundwa na vyama vya wafanyikazi. UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2008 pamoja na mingine mitano ya Berlin. Alipoingia Hitler 1933 Taut akakimbia, akakaa Japani, halafu Uturuki, akafia Istanbul 1938 na akazikwa huko kwenye makaburi ya Edirnekapı. Sijui kwa nini hilo la kuzikwa linanigusa, lakini linanigusa.


FundiWaMwiko

Salaam. Mimi ni fundi wa kujenga, sikusoma michoro lakini jiwe nalijua. Nimeangalia picha za hilo jumba la Meli mnalosema.

Tofali la kuchoma hapa pwani achana nalo, ni ghali kulileta. Tuna bloko za matumbawe za kukatwa na mashine, mraba, nyepesi. Mtu husema hizo haziwezi kuzunguka. Zaweza. Ukuta wa mviringo wa bloko ni kazi ya uzi na kigingi, unapiga kigingi katikati, unavuta uzi urefu wako, kila bloko unaichonga kidogo pembe ya ndani kwa shoka iwe kama kabari, kozi ya kwanza ikikaa sawa zilizobaki zinafuata, timazi tu. Kinachoongezeka ni siku za fundi, si vifaa. Kona moja ya orofa nne, mimi na wasaidizi wawili, nakisia siku kumi na mbili zaidi ya kona ya kawaida. Pigeni hesabu kwa bei ya siku ya sasa, mtaona si ya kutisha.

Dirisha la ngazi hilo refu msitie kioo. Pangeni bloko wima, moja wima moja wazi, moja wima moja wazi, upepo wa kusi unapita, mvua haiingii sana, na jua la asubuhi linaingia vipande vipande ukutani. Mbao za dirisha hamnunui, kioo hamnunui, mwizi hapiti. Hapo mmeokoa pesa ya baraza.

Nondo tu ziwe na zege la kutosha juu yake sababu ya chumvi, hapo msibane hata shilingi. Mengi yanayoporomoka mji huu huanzia na nondo iliyoliwa kutu.


MwekaHazinaWaChama

Fundi, hiyo ya dirisha la bloko umenishinda. Mtoto wa Kibokoni, mwambie mkadiriaji wenu aandike mistari miwili, gharama ya dirisha la chuma na kioo kwa orofa zote, na gharama ya bloko za wima. Peleka karatasi hiyo, picha ya mjomba weka nyuma yake. Wanachama wataanza kusoma nambari, halafu watageuza.


MtotoWaKibokoni

Jamani sina la kusema, Mungu awalipe. Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nilimsomea mama kwa sauti, na ilipofika pale pa mzee wa posta akihesabu sarafu akaniambia mjomba alikuwa akisimulia habari za posta ya zambarau, sisi tukidhani anatutania.

Nimeamua hivi. Kona ya mviringo nitaiacha wanachama waipigie kura baada ya hesabu ya fundi, sitaishupalia. Baraza na ngazi sitakubali zikatwe, nitasimama niseme. Dada wa Tudor, ukiniruhusu nitaeleza ngazi yenu bila kutaja ni jengo gani.

FundiWaMwiko, kabla ya mkutano waweza kuja pale kwenye ploti Jumamosi baada ya Alasiri? Bloko arubaini zimebaki za ukuta wa mpaka. Nataka utupangie kipande cha lile dirisha, hata urefu wa mtu mmoja tu bila saruji, watu wasimame upande wa pili wahisi upepo. Chai na mahamri juu ya mama.


FundiWaMwiko

Nitakuja. Arubaini zatosha. Mwambie mtu asizimwagie maji.